Kuunganisha kazi za watu wawili kwenye Git bila kupoteza ya mmoja

Vijana wanaojiunga na timu yetu huja wakizijua amri za Git, programu inayotunza historia ya msimbo na kuunganisha kazi za watu wengi. `git pull` wanaijua, `git push` wanaijua, na kutengeneza tawi, yaani njia ya pembeni ya kazi, si tatizo kwao. Kinachowatoa jasho ni pale Git inaposema imeshindwa kuunganisha faili fulani na kuwaachia wao waamue. Wengi hutazama vipande viwili vilivyogongana, hubakiza kile walichokiandika wenyewe, hufuta kingine na kuendelea na kazi. Programu inaendeshwa kama kawaida, hakuna anayelalamika, na kazi ya siku mbili tatu ya mwenzao imetoweka kimyakimya.

Sisi tunatengeneza programu ya kuendeshea SACCOS: akiba, mikopo, riba, marejesho, na ujumbe wa simu kwa wanachama. Baadhi yetu wako Dar es Salaam, wengine Mwanza, mmoja yuko Nairobi, na sote tunaandika kwenye hifadhi moja ya msimbo. Mstari mmoja ukipotea kwenye faili la riba, mama muuza samaki wa Kirumba anakatwa hela asiyodaiwa. Ndiyo maana kila anapokuja mtu mpya nakaa naye nimwonyeshe jambo hili kabla ya mengine yote. Unapounganisha, umekabidhiwa nia za watu wawili, na unapaswa kuzijua zote mbili kabla ya kugusa mstari wowote.

Git hutazama matoleo matatu

Ukiandika `git merge`, Git hailinganishi toleo lako na la mwenzako peke yake. Kwanza hutafuta komiti (hatua ya kazi iliyohifadhiwa pamoja na ujumbe wake) ya mwisho ambayo nyote mlikuwa nayo kabla ya kuachana njia. Hiyo nitaiita asili. Kisha hulinganisha kila upande na asili. Sehemu iliyobadilishwa na upande mmoja tu huchukuliwa bila maswali. Iliyobadilishwa na pande zote mbili kwa namna moja, nayo hupita. Mgongano hutokea pale pande zote zilipobadilisha mistari ileile, au mistari inayopakana, kwa namna tofauti.

Kazi hii Git ilizaliwa nayo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuiandika tarehe 3 Aprili 2005, baada ya waandishi wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu ya kampuni iliyowafanyia kazi kama hii, na tarehe 18 mwezi huohuo ikafanya muungano wake wa kwanza wa matawi kadhaa. Kwa hiyo usiuone mgongano kama hitilafu. Ni chombo kinachokwambia kwa uaminifu kwamba kimefika mahali ambapo uamuzi ni wa binadamu.

Kasoro yake moja ni kwamba, kwa mpangilio inaokuja nao, Git inapokuonyesha mgongano inakuonyesha pande mbili tu. Asili inaificha. Kwa hiyo kabla ya yote weka mipangilio hii mitatu:

```
git config --global merge.conflictStyle zdiff3
git config --global pull.ff only
git config --global rerere.enabled true
```

Wa kwanza unaileta asili mbele ya macho yako. Unahitaji Git 2.35 ya Januari 2022 au ya baadaye. Angalia kwa `git --version`, na kama yako ni ya zamani andika `diff3` badala ya `zdiff3`. Wa pili unaizuia `git pull` isikuunganishie matawi yaliyoachana hujajiandaa. Wa tatu unaiambia Git ikumbuke namna ulivyotatua mgongano, ili ukijirudia vilevile ikuwekee jibu lako. Faida ya huo wa tatu utaiona ukiwa na tawi linaloishi muda mrefu. Ila ukigundua jibu lililokumbukwa lilikuwa na kosa, rudia muungano, na mgongano ukiwa bado wazi andika `git rerere forget riba.py`, la sivyo litakuwa linakurudia.

Kabla hujaunganisha

Anza na `git status`. Ukikuta mabadiliko ambayo hujayawekea komiti, yawekee komiti au yaweke kando kwa `git stash`. Git itakataa kuunganisha ikiona itafuta faili ulilolibadilisha, lakini hata pale isipokataa, kuchanganya kazi iliyo nusu na muungano ni kujitafutia giza. Baadaye hutajua kilichoharibika kilitoka wapi.

Kisha:

```
git fetch origin
git log --oneline HEAD..origin/main
git diff HEAD...origin/main
```

`git fetch` inaleta komiti mpya kutoka kwenye seva bila kugusa hata faili moja ulilolifungua. Inaleta zile tu ambazo huna, kwa hiyo hata ukitumia bando la simu hailili sana. `HEAD` ni komiti uliyosimama juu yake sasa, na `origin/main` ni tawi kuu kama lilivyo kwenye seva. Mstari wa pili unaorodhesha komiti zilizoingia tawi kuu ambazo wewe huna. Wa tatu, wenye nukta tatu, unaonyesha kile ambacho tawi kuu limebadilisha tangu mlipoachana. Nukta zikiwa mbili unapata jambo jingine: tofauti kati ya ncha mbili, kazi yako ikiwa imechanganywa humo humo. Nukta tatu ndizo unazozihitaji hapa.

Soma. Dakika tano za kusoma hapa zinaokoa nusu saa ya kukuna kichwa mbele. Ukishafanya `fetch`, historia yote imo ndani ya kompyuta yako, hivyo unaweza kusoma hata mtandao ukikatika au umeme ukiondoka na umebaki na betri.

Halafu unganisha tawi kuu ndani ya tawi lako, ukiwa kwenye tawi lako:

```
git switch riba-mpya
git merge origin/main
```

Nasisitiza mwelekeo huo. Migongano itatuliwe kwenye tawi lako, ambako ukikosea hakuna anayeumia, na majaribio yaendeshwe huko. Tawi kuu lipokee kitu kilichokwisha kuungana na kupimwa.

Mgongano wenyewe

Huu hapa ni wa kweli kwenye kazi yetu. Nimeupunguza tu ili usomeke. Kwenye `riba.py` kulikuwa na hesabu ya riba kwa asilimia 1.5 kwa mwezi. Kwenye tawi langu niliishusha hadi 1.25, kwa sababu mkutano mkuu wa wanachama uliamua hivyo. Wakati huohuo mwenzangu wa Mwanza alikuwa ameandikiwa kazi ya kumsamehe mkopaji riba ya mwezi wa kwanza. Git ikasema:

```
CONFLICT (content): Merge conflict in riba.py
Automatic merge failed; fix conflicts and then commit the result.
```

Bila ule mpangilio wa kwanza, ndani ya faili ungeona hivi:

```
def hesabu_riba(mkopo, miezi, aina):
<<<<<<< HEAD
    return mkopo * 0.0125 * miezi
=======
    return mkopo * 0.015 * (miezi - 1)
>>>>>>> origin/main
```

Juu ya alama za usawa ni upande wako, chini ni upande unaoingia. Sasa jiulize kama ungekuwa mtu wa tatu uliyepewa kazi hii. Je, 0.015 ni riba mpya au ya zamani? Labda mmoja ameipandisha, labda mwingine ameishusha. `miezi - 1` je, imeongezwa, au ilikuwepo na mtu akaiondoa? Vipande hivi viwili havina jibu. Mtu yeyote anayekwambia anajua la kufanya kwa kuvitazama hivi tu, anabahatisha.

Ukiwa na `zdiff3` unaona hivi:

```
def hesabu_riba(mkopo, miezi, aina):
<<<<<<< HEAD
    return mkopo * 0.0125 * miezi
||||||| 4f1c2aa
    return mkopo * 0.015 * miezi
=======
    return mkopo * 0.015 * (miezi - 1)
>>>>>>> origin/main
```

Kipande cha katikati ndicho asili. Sasa linganisha kila upande nacho, mmoja mmoja, na uiseme tofauti kwa maneno. Kutoka asili kuja kwangu: 0.015 imekuwa 0.0125, basi. Kutoka asili kwenda kwa mwenzangu: `miezi` imekuwa `miezi - 1`, basi. Mstari unaobeba nia zote mbili haupo upande wowote. Lazima uuandike wewe:

```
    return mkopo * 0.0125 * (miezi - 1)
```

Tia namba. Mkopo wa shilingi 2,000,000 kwa miezi 12: asili ilitoa riba ya 360,000. Upande wangu peke yake ulitoa 300,000. Upande wa Mwanza ulitoa 330,000. Zikiungana inavyotakiwa ni 275,000. Ukichagua upande wowote kati ya hizo mbili, mwanachama ametozwa zaidi, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea kwenye skrini. Wenye kupenda `-X ours` na `-X theirs`, zinazochagua upande mmoja kila penye mgongano, kwa kuwa zinamaliza haraka, naomba wazitazame tena namba hizo.

Kama ulishaanza mgongano kabla ya kuweka mpangilio, unaweza kuomba faili lionyeshwe upya pamoja na asili:

```
git checkout --conflict=diff3 riba.py
```

Amri hiyo inafuta ulichokwisha kurekebisha ndani ya faili hilo, kwa hiyo itumie mwanzoni. Na ukitaka kujua nani aliandika nini na kwa sababu gani, `git log --merge -p riba.py` inakutolea komiti za pande zote mbili zilizogusa faili lenye mgongano, pamoja na ujumbe wake. Hapo ndipo ujumbe wa komiti unaosema "marekebisho" unapokuudhi, na ule unaosema "samehe riba ya mwezi wa kwanza, ombi la bodi" unapokuokoa.

Mpigie simu

Ningeweza kuishia pale. Mstari ulikuwa umeshatulia. Lakini sehemu hiyo ya fedha niliigusa mimi na akaigusa mwingine, na huyo mwingine yupo hai na ana simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Za Mwanza? Sikia, ule mwezi mmoja ulioutoa kwenye riba, ni kwa mikopo yote?"

"Hapana dada, ni ya kilimo tu. Ile ya biashara inabaki kama ilivyo. Sharti lenyewe ninalo hapa kwangu, nilitaka nilisukume leo jioni."

Kwa hiyo hata ule mstari niliouona umekamilika ungemsamehe riba kila mkopaji, na hasara ingekuwa ya chama. Hakuna mpangilio wa Git ambao ungenifunulia hilo. Nilimwambia alisukume sharti lake kwanza, kama komiti yake mwenyewe yenye ujumbe wake, na mimi nikaacha muungano:

```
git merge --abort
```

Amri hii inakurudisha hasa mahali ulipokuwa kabla ya kuanza. Itumie bila woga. Nimewaona watu wakipambana na muungano uliovurugika hadi usiku, kumbe wangeacha, wangeuliza, wangeanza upya asubuhi wakamaliza kabla ya chai.

Alipokwisha kusukuma, nilifanya `git fetch` na `git merge` tena, na upande wake sasa ulisema hivi:

```
    kipindi = miezi - 1 if aina == "kilimo" else miezi
    return mkopo * 0.015 * kipindi
```

Kilichobaki kwangu ni kuweka 0.0125 mahali pa 0.015. Sharti la kilimo ningeweza kuliandika mwenyewe ndani ya muungano, maana nilishalielewa. Sikufanya hivyo kwa makusudi. Komiti ya muungano ibebe kuunganisha tu. Ukipenyeza humo jambo jipya, atakayelitafuta baada ya mwaka hataliona kirahisi, kwa sababu `git log -p` kwa kawaida haionyeshi yaliyomo kwenye komiti za muungano.

Kufunga

Ukishaandika mstari, futa alama zote. Hakikisha haikubaki hata moja kwenye hifadhi nzima:

```
git grep -n '<<<<<<<'
git grep -n '>>>>>>>'
```

Zisirudishe kitu. Kisha `git add riba.py`, endesha majaribio yote, na baada ya hapo tu `git commit`. Git itakufungulia ujumbe ambao imeshauandika yenyewe, na chini yake orodha ya faili zilizogongana zikiwa na alama ya reli mwanzoni. Usiufunge hivyohivyo. Ongeza mistari miwili: nini kiligongana, na uliamua nini kwa makubaliano na nani. Wetu ulisema: "riba.py: asilimia 1.25 kutoka tawi hili, msamaha wa mwezi wa kwanza kwa kilimo kutoka main. Imethibitishwa na aliyeandika msamaha."

Anayekagua anaweza baadaye kutumia `git show --remerge-diff` kwenye komiti hiyo. Iliingia kwenye Git 2.36, na inamwonyesha kile binadamu alichofanya juu ya kile Git ingefanya peke yake. Kwenye timu yetu ndiyo njia ya kukagua muungano. Kusoma faili zima ukijaribu kukisia palipoguswa ni kuchosha macho.

Pale Git isipolalamika kabisa

Hili linanitia hofu kuliko migongano yote. Git inaunganisha maandishi, haijui maana yake. Watu wawili wakibadilisha faili mbili tofauti, muungano unapita safi, na programu inaweza kuwa imevunjika.

Mfano wetu ni namba za simu. Zamani programu ilihifadhi namba kama zinavyoandikwa mitaani, zikianza na 0. Mtu mmoja akabadilisha kwenye `wanachama.py` ili zihifadhiwe zikianza na 255. Tawi jingine, kabla halijaliona hilo, likaandika faili jipya la kutuma ujumbe wa marejesho, na humo likafanya hivi:

```
namba = "255" + mwanachama.simu[1:]
```

Kwa 0700000000 inatoka 255700000000, sawa kabisa. Kwa 255700000000 inatoka 25555700000000, namba isiyokwenda kwa mtu yeyote. Faili mbili, hakuna mstari uliogongana, na kila tawi lilifaulu majaribio yake likiwa peke yake.

Kinga ni majaribio yanayoendeshwa baada ya kuunganisha, juu ya msimbo ulioungana. Kufaulu kwa tawi lako jana hakukuhakikishii kitu leo. Kwetu tuna jaribio linalosajili mwanachama kwa namba, linaandaa ujumbe wake, na linaangalia namba iliyotoka mwisho. Jaribio la namna hiyo, linalopita sehemu mbili tatu za programu kwa mkupuo, lina thamani kuliko mengi madogo linapokuja suala la kuunganisha. Na ule mstari wa `git diff HEAD...origin/main` nilioutaja mwanzoni, usome ukijiuliza swali hili: kuna kitu hapa ambacho msimbo wangu ulikuwa unakitegemea?

Wanaotumia Django, mfumo wa Python wa kutengenezea programu za wavuti, watalikuta hili kwenye uhamishaji wa hifadhidata (migrations). Watu wawili wanatengeneza kila mmoja faili la 0014 lenye jina tofauti. Git inaridhika. Django inakataa, inasema kuna ncha mbili. `python manage.py makemigrations --merge` inaziunganisha, lakini fungua mafaili yote mawili kwanza uone kama yanagusa safu ileile ya jedwali, kwa sababu hapo ni lazima mkubaliane lipi linatangulia.

Mafaili yenye tabia zake

Mafaili yanayoandikwa na programu, kama `package-lock.json` la npm (kisakinishi cha vifurushi vya JavaScript), usiyatatue kwa mkono. Maliza kwanza `package.json`, ambalo ndilo la binadamu, kisha chukua lile la tawi kuu na uliache lijijenge upya:

```
git checkout --theirs package-lock.json
npm install
git add package-lock.json
```

Picha na Excel haziungani. Hapo kweli utachagua moja, na mwenye nyingine ajulishwe.

Mgongano wa faili zima, yaani kila mstari umegongana na kila mstari, mara nyingi unatokana na mwisho wa mistari: mmoja anatumia Windows, mwingine Linux. Weka faili la `.gitattributes` lenye `* text=auto` kwenye hifadhi na tatizo litapungua sana. Sababu nyingine ni mtu aliyepanga upya nafasi za faili zima katika komiti ileile aliyobadilishia mistari miwili ya maana. Huyo aambiwe kwa upole lakini aambiwe. Upangaji huo uende kwenye komiti yake, na ikiwezekana uingie tawi kuu siku hiyohiyo kabla wengine hawajaachana nalo mbali.

Wakati mwingine Git inasema faili limefutwa upande mmoja na kubadilishwa upande mwingine. Usikimbilie kulifuta wala kulirudisha. Tafuta yale yaliyokuwemo yalihamia wapi, kwa sababu kwa kawaida yamehamia faili jingine, na mabadiliko yale lazima yafuate huko.

Kusukuma, na kurudi nyuma

Sukuma tawi lako, fungua ombi la kuunganisha, mwenzako akague, liingie. Seva ikikataa na kusema `rejected`, maana yake kuna aliyekutangulia. Rudia `fetch` na `merge`. `--force` kwenye tawi la watu wengi haina nafasi kwangu. Inafuta komiti za wenzako kwenye seva. Kwenye tawi lako binafsi ulilolipanga upya kwa `git rebase`, tumia `--force-with-lease`, ambayo hukataa ikikuta seva ina kitu ambacho hukukijua. Na ukiwa ndani ya `rebase`, kumbuka pande zimebadilishana: `ours` ni tawi unalohamia, `theirs` ni komiti zako mwenyewe. Waliozoea `merge` huumia sana hapo.

Umeshaunganisha ukagundua hapafai, na hujasukuma bado? `git reset --merge ORIG_HEAD` inakurudisha, mradi hujafanya muungano au `reset` nyingine katikati. Umeshasukuma na wengine wamevuta? Basi historia haiguswi tena, unaongeza komiti ya kutengua:

```
git revert -m 1 <komiti ya muungano>
```

Namba 1 inasema ubakize mzazi wa kwanza, yaani tawi ulilokuwa umesimama juu yake ulipounganisha. Hapa kuna mtego ambao Linus mwenyewe aliueleza mwaka 2008, na maelezo yake yamo kwenye nyaraka za Git. Ukitengua muungano hivi, yaliyomo yameondoka lakini historia bado inasema tawi lile limeshaungana. Ukilitengeneza ukaliunganisha tena, zile komiti za kwanza hazitarudi, zitakuja mpya tu. Inabidi kwanza utengue ile komiti ya kutengua, kwa `git revert` juu yake, ndipo uunganishe. Mtu asiyelijua hili atakaa anashangaa kwa nini nusu ya kazi yake haionekani.

Mara ngapi?

Mara nyingi kuliko unavyopenda. Tawi letu halipaswi kukaa wiki bila kuonana na tawi kuu. Waandishi wa Linux wana utaratibu unaonivutia: tangu 2008 kuna mti uitwao linux-next, ulioanzishwa na Stephen Rothwell, ambamo matawi ya wasimamizi mbalimbali huunganishwa kwa majaribio kila siku ya kazi, ili migongano ionekane wiki kadhaa kabla ya zile wiki mbili ambazo Linus hupokea kazi. Sisi hatuna haja ya mti mzima. Lakini unaweza kufanya hivyohivyo kwa tawi la kutupwa:

```
git switch -c jaribio-la-kuungana
git merge origin/main origin/tawi-la-mwenzako
```

Git ikikataa kwa kuwa matawi yamegongana, ungana na moja moja. Ukishaona migongano ilipo, acha kwa `git merge --abort`, rudi kwenye tawi lako, lifute lile, na umpigie simu mhusika leo, wakati wote wawili bado mnakumbuka mlichokuwa mnakifanya.

Baada ya kazi kuingia tawi kuu, vuta `main` kwenye kompyuta yako na ufute tawi lako ukiwa umesimama juu ya `main`, kwa `git branch -d riba-mpya`. Herufi ndogo. Git ikikataa na kusema tawi halijaungana kikamilifu, usikimbilie `-D`. Andika `git log main..riba-mpya` uone komiti zilizobaki nje. Kama ombi lako liliunganishwa kwa kubanwa kuwa komiti moja, utaziona hapo ingawa yaliyomo yameingia. Linganisha faili kwa faili ujiridhishe. Kama hazikuingia, bado hujamaliza.